Wingu la Mama Mumo

Sylvance Shiundu alikuwa amekula nusu ya muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na hakuwa na nia yoyote ya kuulipia, aliposikia neno lililomfanya aweke kijiko chini.

Neno lenyewe lilikuwa "wingu".

Halikusemwa kwa habari ya mvua. Lilitoka kwa mwenye hoteli, Nzembi, mama wa makamo ambaye mtaa mzima wa Umoja, Nairobi, ulimwita Mama Mumo. Hoteli ilikuwa yake, na jengo zima juu ya hoteli lilikuwa lake pia: Mumo Plaza, orofa nne za mawe, hoteli na saluni chini, ofisi na vyumba vya kupangisha juu. Alikuwa amesimama kando ya kaunta akimbembeleza mpangaji asihame. Mpangaji aliitwa Wekulo, mwalimu mwembamba mwenye chuo cha kompyuta orofa ya pili.

"Mama, mimi nahama," Wekulo alikuwa akisema. "Ruta yangu inashika hadi mlango wa choo, ikifika hapo inakata roho. Ya wakala wa nyumba inaingilia yangu, yangu inaingilia ya fundi wa simu. Wanafunzi wananiuliza kama walikuja kusomea kompyuta ama uvumilivu. Jengo la jirani lina mtandao mmoja kutoka chini mpaka paa."

"Nipe huu mwezi tu, mwalimu. Nataka kuleta waifai ya jengo lote. Nasikia siku hizi kuna ile inaendeshwa kutoka kwa wingu. Nimekosa tu mtu wa kunieleza kama inanifaa ama hainifai."

Watu wengine hupiga magoti wakisikia kengele ya kanisa. Shiundu alihisi vivyo hivyo alipomsikia mtu mwenye jengo akikiri kwamba hajui kitu. Aliangalia kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake. Upande uliokuwa mbele ulimtaja kuwa afisa wa maji. Akaugeuza. Sasa alikuwa injinia.

Kosa kubwa ambalo watu hufanya kuhusu matapeli ni kudhani hawajui kazi. Shiundu aliijua. Aliwahi kuajiriwa na kampuni ya intaneti, akapanda ngazi na kuvuta nyaya miaka mingi, hadi siku mwajiri alipogundua kwamba nusu ya mtaa wa Jericho ilikuwa ikipata intaneti bila kampuni kuwa na habari. Alifukuzwa, lakini elimu haikufukuzwa pamoja naye.

Alisubiri Wekulo apande ngazi, kisha akasogea kaunta.

"Samahani mama. Sikukusudia kusikia. Naitwa Injinia Shiundu, na nikinyamaza, hiki chakula kitanikaa vibaya."

"Umekilipia?"

"Nitalipa, mama. Kwanza nikuokolee wapangaji."

Mama Mumo alimtazama kuanzia kitambulisho hadi viatu, akavuta kiti. "Keti. Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

Katika kazi ya Shiundu, maneno hayo ni sawa na mbuzi kujipeleka buchari akiwa amebeba kisu mdomoni. Alikaa.

"Hilo wingu liko wapi?" Mama Mumo aliuliza.

"Wingu si wingu, mama. Ni kompyuta kubwa za watu, ziko mbali huko, zinakesha."

"Mbona basi wasiseme ni kompyuta za watu?"

"Nani angenunua?"

Mama Mumo alifikiria, akakubali kwa kichwa. "Mvua ikinyesha?"

"Haihusiani kabisa."

"Na stima zikipotea?"

"Hapo inalala kama kila kitu kingine Nairobi."

Akamfafanulia. Ruta ya kawaida ina akili yake ndani, na kwa duka moja inatosha. Lakini kwa jengo zima unahitaji vifaa vingi, na kila kimoja kina akili yake na ukaidi wake. Kimoja kikigoma, fundi anapanda ngazi. Hii nyingine ni visahani vyeupe vinavyobandikwa kwenye dari, kila orofa chake, na akili yao yote iko huko winguni. Mwenye jengo anaviendesha kwa simu. Anaona nani anatumia, anatumia kiasi gani, na akitaka anamzima mtu mmoja bila kuwagusa wengine.

"Kumzima mtu," Mama Mumo alirudia polepole. "Hata aliyechelewesha kodi?"

"Huyo ndiye hasa."

Mama Mumo aliinua macho akaitazama dari yake kwa muda, kama muumini aliyeonyeshwa mlango wa mbinguni.

"Na ubaya wake?" akauliza.

"Ubaya?"

"Kila kitu kina ubaya. Hata marehemu Baba Mumo alikuwa nao, na nilimpenda."

Shiundu alimpa ubaya kidogo, kwa sababu aliamini uongo usiotiwa chumvi ya ukweli hauliki. Akamwambia kuna leseni ya kulipwa kila mwaka, na ikiisha, visahani vinakaa tu vikimtazama. Akamwambia pia kwamba laini ya intaneti ikikatika, simu yake haitaviona tena mpaka irudi. Mama Mumo alisikiliza yote hayo kwa makini.

Jambo moja hakumwambia, nalo ndilo lililokuwa mpango wote. Mtandao wa namna hiyo haumilikiwi na mwenye jengo wala mwenye dari. Unamilikiwa na mwenye akaunti. Na akaunti, Shiundu aliiandikisha siku zote kwa jina lake mwenyewe. Alikuwa amekwisha kufanya hivyo katika gesti ya mzee mmoja anayeitwa Muoki, karibu na mahakama za Makadara. Kila alipoishiwa, Shiundu alibonyeza simu, waifai ya gesti ikafa, wageni wakalalamika, na Muoki akampigia akimwomba msamaha ambao hakujua anauombea nini. Kisha akalipa kitu kilichoitwa leseni. Mpango huo Shiundu aliuita shamba lake. Ulipanda mara moja, ukavuna mpaka uchoke.

"Basi unilipe kianzio, nianze kesho," alisema.

"Kianzio hakuna," Mama Mumo akasema. "Mimi sinunui ng'ombe kwa kusikia mlio wake. Lete, weka, nione. Ikinifaa nanunua, isiponifaa unabeba vitu vyako." Alipoona uso wa Shiundu ukinywea, aliinama karibu. "Si mimi peke yangu, injinia. Tuko na chama chetu, akina mama wenye nyumba. Wengine wana majengo kunizidi. Wananingoja mimi nijaribu. Ikikaa vizuri hapa, hutapumzika."

Shiundu alijikuta akilipia muthokoi.

Visahani vya uongo vingeweza kumpumbaza mwenye jengo mmoja kwa siku chache. Kuchuna chama kizima kulihitaji vya kweli. Kwa hiyo alikwenda Eastleigh kwa Khalif, muuza vifaa vya mitandao, na kwa kuwa maneno yake yalikwisha kuzoeleka dukani humo, ilimbidi aache kitu. Aliacha gari lake, Probox nyeupe aliyoipenda kuliko jamaa zake wengi.

"Mwisho wa mwezi," Khalif alimwambia akipokea ufunguo. "Usipokuja, naliuza. Sitakupigia simu ya kukukumbusha, na ukinipigia wewe ya kulia sitashika."

"Kabla ya mwisho wa mwezi nitakuja kununua duka," Shiundu alisema.

"Njoo tu na pesa za vifaa. Duka bado nalitumia."

Alivibandika visahani vyote mwenyewe. Alipitisha nyaya ndani ya dari kwa unadhifu, akapima kila orofa, akasogeza kimoja kutoka kona ya choo ili chuo cha Wekulo kipate nguvu. Kazi ilitoka safi kupita alivyokusudia. Mtandao ulienea Mumo Plaza kama harufu ya chapati. Wekulo aliacha habari za kuhama. Wakala wa nyumba alimpungia mkono kutoka barazani. Msichana wa saluni, Triza, alimwita "engineer" bila kumcheka, na mzee mmoja wa orofa ya juu, aliyekuwa sasa anamwona mjukuu wake wa Doha kwa video bila picha kugandaganda, alimletea ndizi mbivu.

Shiundu alizila zile ndizi akisikia kitu cha ajabu kifuani. Aliogopa ni ugonjwa. Baadaye alitambua kuwa ni ile hali ya mtu aliyefanya kazi nzuri, na akaingoja ipite.

Ilipita. Siku chache baadaye, saa za chakula cha mchana, aliketi kwenye meza ya kona hotelini mbele ya sahani ya matumbo, akatoa simu chini ya meza, akabonyeza mara moja.

Kisha mguno ukaanzia orofa ya juu, ukashuka ngazi kama maji. Wanafunzi wa Wekulo walijaa barazani. Saluni iliyokuwa ikipiga nyimbo ikanyamaza, na mteja mmoja akatoa kichwa nje nusu kikiwa kimesukwa.

Mama Mumo alimjia akijifuta mikono. "Injinia, wingu limeenda wapi?"

"Acha nione." Shiundu alitafuna kwa utulivu wa daktari. "Aah. Leseni ya majaribio, mama. Hukohoa hivi kabla haijalipiwa ya kudumu. Lakini kwa sababu ni wewe, acha niwaombe." Akabonyeza tena. Juu wakashangilia.

"Hukupanda ngazi," Mama Mumo alisema.

"Sikuhitaji."

"Hukugusa hata kimoja."

"Huo ndio uzuri wa wingu, mama."

"Naona," alisema Mama Mumo. Alisimama kidogo akiutazama mkono wa Shiundu ukirudisha simu mfukoni. Kisha akaenda jikoni, akamletea chapati ambayo hakuiagiza.

Shiundu aliichukua kama heshima. Mtu mwenye uzoefu wa kuishi na akina mama wenye majengo angeiogopa ile chapati.

Chama kilikutana Jumamosi alasiri ndani ya saluni, Triza akiwa amefunga mlango kwa heshima ya wageni. Walikuwa wageni watatu, na Mama Mumo wa nne. Nabiswa alikuwa mnene, mpole, na Biblia mapajani; alisema ana nyumba kadhaa za kupangisha Jericho. Mbinya alikuwa na majengo matatu, Umoja, Donholm na Kayole, yakimchosha kwa kuyakimbilia huku na huku. Mwongeli alikuwa na gesti ndogo. Shiundu aliwahesabu kwa macho kama mtu anayekadiria mahindi shambani.

"Mimi gesti yangu ni vyumba vichache, na watu hawakai," Mwongeli alianza. "Wingu nalitakia nini? Si ruta moja inatosha?"

Ukweli ni kwamba ingetosha. Shiundu alitabasamu. "Mama, hii inamfaa kila mtu."

"Kitu kinachomfaa kila mtu ni hewa," Mbinya akasema, "na hata hewa, ukipita jalala la Dandora, unachagua. Lakini mimi naona itanifaa. Majengo matatu, na mimi miguu ni miwili. Nikiwa nimelala Kayole naweza kuona mtandao wa Umoja?"

"Na kuuzima, mama."

"Basi mimi niandike."

Shiundu alitoa kalamu. Nabiswa akakohoa.

"Nami ningependa. Ila, kijana wangu, nisamehe, mimi ni mtu wa kuuliza. Wewe ukifa?"

"Mimi?"

"Ukigongwa na gari hapo barabara ya Outering leo. Hatuombei. Lakini watu hugongwa. Huo mtandao unabaki na nani?"

"Unabaki na kampuni."

"Na kampuni iko wapi?"

Shiundu alikishika kitambulisho chake cha injinia. "Iko... pia iko kwa wingu, mama."

Akina mama walitazamana. Mwongeli alianza kuvaa kiatu alichokuwa amekivua.

"Injinia," Mama Mumo akasema kwa upole, "nyumba ambayo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine, mimi ni mpangaji tu. Andika akaunti kwa jina langu, hapa, hawa wakiona. Wakiona hivyo kila mmoja anaweka oda na kianzio leo. Hutaki, hakuna ubaya. Triza ana ngazi. Teremsha vitu vyako."

Shiundu alipiga hesabu upesi. Akiteremsha visahani, Probox imekwenda na chama kimekwenda. Akimpa mama akaunti, je? Angemfungulia anwani ya barua pepe yeye mwenyewe, ampe paswadi aliyoitunga yeye Shiundu, na jina lake libaki humo kama msimamizi wa pili. Mama angekuwa mwenye mali, naye mwenye mkono. Na usiku huohuo angeyarudisha mambo kama yalivyokuwa, wakati hawa wameshalala na vianzio vimeshalala mfukoni mwake.

"Mama, sina tatizo kabisa," alisema. "Nipe simu yako."

Alifanya yote mbele yao, akieleza kila hatua kwa sauti ya mchungaji anayebatiza. Simu ya Mama Mumo ikalia. Akampa abonyeze mwenyewe pale palipoandikwa kukubali.

"Hapo sasa, wewe ndiwe mwenye wingu."

Walipiga makofi. Mama Mumo alimpa Triza simu. "Iweke chaji, mwanangu, inataka kuzima." Kisha akageuka. "Jambo jema kama hili halianzi bila kuombewa. Nabiswa, tuongoze. Wote tufumbe macho."

Akiwa kazini, Shiundu alikuwa mlokole. Alifumba macho kuliko wote.

Nabiswa aliomba. Aliombea jengo na wapangaji wa jengo, wagonjwa na walio safarini. Aliombea kompyuta za watu huko ziliko, zikeshe salama. Aliwaombea waliopotea, mmoja mmoja, kana kwamba alikuwa na anwani zao. Shiundu alichungulia mara moja kwa jicho la kushoto, akakuta Nabiswa akimtazama, akalifunga tena. "Na huyu mtumishi wako Injinia," Nabiswa aliendelea, "umwondolee kila mzigo aliobeba, umpokonye kila kitu kinachomlemea roho, aondoke hapa akiwa mwepesi." Shiundu aliitikia kwa sauti.

Mlango ulisikika ukifunguliwa. Nyayo zikapanda ngazi. Maombi yakaendelea mpaka nyayo ziliposhuka, na hapo, kwa namna iliyomgusa kila mtu, Nabiswa akafika amina.

"Sasa vianzio," Shiundu alisema akifungua macho, Triza akimnong'oneza Mama Mumo sikioni.

"Ndiyo, vianzio," Mbinya akasema, na hakufungua mkoba.

Kwa mazoea tu, Shiundu alitoa simu yake kuutazama mtandao. Ukurasa ulifunguka na kumwambia kwamba hana ruhusa. Alijaribu kwa anwani ya Mama Mumo na ile paswadi aliyoitunga mwenyewe. Ukamwambia si sahihi.

"Mama," alisema taratibu, "kuna kitu kimeharibika."

"Hakuna. Triza amempelekea Mwalimu Wekulo simu huko juu, ameangalia, anasema iko sawasawa." Mama Mumo alipokea simu yake kutoka kwa Triza, akaiweka kwenye mfuko wa aproni. "Siku ile ya matumbo nilipanda kwake nikamuuliza inawezekanaje mtu azime jengo langu akiwa anatafuna. Akanieleza mambo ya akaunti. Akaniambia akiipata kwa dakika chache tu, wewe ukiwa hushiki simu, angekutoa na kubadilisha kufuli. Dakika chache ni nyingi kwa mtu mjanja kama wewe. Ndiyo nikamwita Nabiswa. Kwao kanisani wanajua urefu wa maombi yake."

"Lakini chama..."

"Chama gani? Nabiswa anauza viatu vya mitumba hapo nje. Mwongeli na Mbinya ni wateja wa Triza, walikuja kusukwa, nikawalipia." Mama Mumo alimtazama kwa kitu kilichokaribia huruma. "Nabiswa alikwambia ana nyumba Jericho. Wewe si mtu wa Jericho?"

"Nimezaliwa huko."

"Na nyumba za Jericho ni za nani?"

Shiundu alifumba macho tena, safari hii bila kuombwa. Nyumba za Jericho ni za serikali ya jiji. Alikua ndani ya moja. Mama yake alipigana na karani wa kodi wa moja. Hakuna mtu aliyewahi kumiliki hata bomba la Jericho, na yeye alikuwa ameketi hapo akizihesabu nyumba za Nabiswa.

"Navichukua vifaa vyangu," alisema akisimama.

"Chukua. Mwalimu anasema vimesajiliwa kwangu, na mpaka mimi niviachilie, popote utakapoviweka vitagoma. Utakuwa na sahani za kulia ugali, na ni ndogo."

"Nitakwenda kwa polisi."

"Twende wote. Nitafunga hoteli." Aliifungua aproni kweli. "Ila uandae maelezo kuhusu mtu mmoja wa gesti, Makadara. Tumemkuta ndani ya akaunti, mtandao wake wote, na jina lake, Muoki. Uliweka mashamba mawili kwa hati moja, Injinia."

Hilo Shiundu hakuwa amelifikiria. Katika kumkabidhi Mama Mumo wingu la Mumo Plaza, alikuwa amemkabidhi na la Makadara.

Hawakuenda polisi. Shiundu aliondoka kwa miguu, akiwa mwepesi kabisa kama alivyoombewa.

Mwisho wa mwezi Khalif hakupiga simu, wala hakushika ya Shiundu. Habari zilimfikia kwa njia nyingine. Mama Mumo alikuwa amempigia Khalif kuulizia waranti ya vifaa, kwa kuwa jina la duka lilikuwa kwenye boksi. Katika mazungumzo akasikia kuna gari linauzwa kwa bei ya mtu mwenye haraka. Khalif alipata pesa zake. Hoteli ikapata gari la kuletea viazi.

Shiundu alikaa siku kadhaa kwa dada yake bila kutoka, akigeuza mambo kichwani. Hasira ilipoisha, kitu kingine kikabaki mahali pake. Alianza kumfikiria yule mzee Muoki. Alikumbuka ile sauti yake ya unyenyekevu kwenye simu akimwomba msamaha. Haikuwa dhamira iliyomsukuma peke yake. Ikiwa yeye hali kutoka lile shamba, alipenda na Mama Mumo asile. Lakini dhamira ilikuwemo, na kwa mtu ambaye hakuwa na mazoea nayo, ilitosha kumpeleka mpaka Makadara.

Alimkuta Muoki kwenye mapokezi ya gesti yake, miwani kwenye paji la uso, akipiga pasi mashuka.

"Mzee, nimekuja kukwambia ukweli," Shiundu alisema. "Ile leseni niliyokuwa nakutoza haikuwepo. Waifai ilikuwa ikifa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiizima. Akaunti haikuandikwa kwa jina lako, na mpaka leo si yako. Iko kwa mama mmoja wa Umoja. Mwambie akuhamishie. Akikataa, vitoe vyote darini ununue ruta moja ya kawaida. Vyumba ulivyo navyo havihitaji wingu. Havijawahi kulihitaji."

Muoki alisimamisha pasi, akaiweka wima. Akateremsha miwani machoni.

"Aliniambia utakuja," alisema.

"Nani?"

"Mama Mumo. Alikuja hapa mwenyewe na Probox yake. Akaniambia ofisi ya leseni imehamia kwake, na kwamba kuna mtu alifukuzwa atapita akinishawishi kwamba akaunti si yangu, ili anihadae niitoe mitambo aiibe." Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Akanipunguzia bei, Shiundu. Na tangu achukue yeye haijakatika hata mara moja. Akaniambia nisijisumbue na mambo ya akaunti, atanishikia yeye."

"Mzee, huyo ndiye anayekuibia."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiniibia. Umesema mwenyewe sasa hivi."

"Ndiyo, mimi nilikuibia, ndiyo maana najua. Ni akaunti ileile. Ni leseni ileile. Nakwambia ukweli mtupu."

"Mtu akwambie yeye ni mwizi, kisha akwambie umwamini," Muoki alisema, akichukua shuka lingine. "Hata hapa kwa jirani, mahakamani, hawajafika huko."

Shiundu alisimama mbele ya ile meza ya kupigia pasi. Alitafuta uongo mmoja tu, mdogo, ambao ungemfanya mzee ausadiki ukweli wake, na hakuupata.